Duka la sigara si langu

Ndugu yangu, nimesikiliza sauti uliyonitumia mara mbili, maana mwanzo sikuamini. Eti kuna mtu katoka huku Torino, Italia, kafika Malindi, na pale Barani kawasimulia watu kuwa mimi nina duka la sigara. Sasa mama mkubwa anauliza vipi mwenye duka Ulaya ashindwe kumlipia mjukuu wake ada. Hilo limeniuma sana.

Duka si langu. Waambie hivyo hivyo. Mwenyewe ni mzee wa Kitaliano, na hata yeye halali juu ya pesa. Maduka haya ya kibao chenye T kubwa nyeupe, leseni inatoka serikalini, na bei ya kila pakiti ni ile iliyosajiliwa serikalini. Huwezi kupandisha wala kushusha. Katika kila euro 100 za sigara, fungu la mwenye duka ni 10. Humo humo alipe pango, umeme na mshahara wangu. Wewe umesoma biashara, piga hesabu.

Asubuhi kazi yangu ya kwanza ni kabati la mwerezi lenye sigara nene za Kuba. Unyevu wake uwe kati ya asilimia 65 na 70. Ukishuka, ganda la nje linapasuka, ukizidi, ukungu. Majira ya baridi mitambo ya joto inakausha hewa, basi naongeza maji yaliyosafishwa, natazama kipimo, naongeza tena. Humo zimo zinazopita euro 50 moja. Mteja anainusa, analipa, anakwenda zake, na mimi moyoni nimeshaigeuza unga na mafuta ya nyumbani.

Lakini si hizo zinazonichoma. Tunauza pia stampu ya serikali ya euro 16, inayobandikwa kwenye fomu ya kibali cha kukaa. Anaingia mgeni mwenzangu, Msenegali au Mpakistani, bahasha kwapani, anapanga sarafu juu ya kioo. Mashine ikishaitoa, anaishika kwa ncha za vidole isije ikakunjika. Sijui nimwambie nini. Yangu niliinunua dirisha hilo hilo. Baada ya hapo unalipa tena posta, halafu unangoja kuitwa polisi ukapigwe alama za vidole, na muda wote huo unatembea na risiti mfukoni. Kibali kikipatikana, tarehe ya kwisha nayo imeshaanza kukusogelea. Hayo ndiyo ninayolala nayo, nyinyi mnasema naficha pesa.

Usije. Nakwambia kwa mapenzi. Una mke, una watoto, una kazi ya boti Watamu.

Halafu nakumbuka Mei, hoteli zimefungwa, mvua inanyesha, vijana wa kiume mmejaa barazani toka asubuhi, na nashindwa kukwambia ubaki. Basi njoo, ila upitie mlangoni. Huyo wakala anayetaka laki mbili na nusu usimpe hata senti. Kwa kazi ya kweli, mwajiri wa huku ndiye anayeanza kuomba ruhusa, ndipo wewe uombe viza ubalozini ukiwa bado Kenya. Anayekwambia uje kwa viza ya utalii, mengine yatatengenezwa mbele kwa mbele, mkimbie. Na shamba la baba lisiuzwe kwa ajili ya safari, sikia vizuri hapo.

Kitaliano chako cha ufukweni kitakufaa, changu ndicho kilichonipa kazi hii. Lakini ukiletewa mkataba wa kazi kurasa nane utie sahihi, hicho cha ufukweni hakisomi. Tafuta mwalimu akufundishe kuandika, anza wiki hii. Ukifika, miezi ya mwanzo usitume pesa kwa mtu, jijenge kwanza. Hapana, mama mtumie, hata kidogo, asikae na wasiwasi. Wengine wangoje.

Mama mkubwa mpe shikamoo yangu. Mwambie mshahara ukiingia nalipa kodi ya chumba na gesi, kisha nusu ya ada ya mtoto naituma siku hiyo hiyo. Nusu ya pili amuulize mjomba aliyeuza kiwanja cha Mayungu. Yeye yuko hapo hapo Malindi, na hajaulizwa na mtu.