Peugeot 504 ya babu kwenye baridi ya Makete: weka oili gani?

Mkuu, umesema babu yako amekuachia Peugeot 504 ya mwaka 1976, unataka iwe inakupeleka Mbeya na kukurudisha Makete kupitia Kitulo, na muuza duka amekushauri uweke sinthetiki 5W-30 "kwa sababu ya baridi ya huku". Tafadhali usiiweke. Mimi ninayo 504 hapa Uyole, na ushauri wa namna hiyohiyo uliniulia kamshafti, ule mhimili wenye nundu unaofungua valvu.

Niliuziwa oili nyepesi, dumu linang'aa, bei juu, nikaiamini bei. Baada ya miezi saba injini ikaanza kugonga tik-tik juu kwenye valvu. Kupanda kutoka Tukuyu hadi Isyonje, mahali nilipozoea kupita na gia ya tatu, nikawa narudi ya pili. Fundi akaseti nafasi ya tapeti (vipande vinavyosukumwa na nundu za kamshafti), ikatulia. Wiki mbili, kelele imerudi. Akaseti tena, ikarudi tena. Hapo akaniambia, "Mzee, nafasi ikizidi kufunguka kila mara, kuna chuma kinaliwa." Tukafumua. Tapeti mbili zilikuwa zimechimbika usoni kama visahani, na nundu za kamshafti zilizozisukuma zimelika hadi karibu kuwa mviringo.

Injini ya 504 husukuma valvu kwa fimbo, na tapeti zake ni bapa: uso wa chuma unasuguana moja kwa moja na nundu ya kamshafti. Mgandamizo wa pale ni mkubwa kiasi kwamba oili hukamuliwa ikatoka, na kinachobaki kuzuia chuma kisile chuma ni utando mwembamba unaotokana na zinki na fosforasi zilizochanganywa kwenye oili. Gari nyingi za siku hizi tapeti zake zina vigurudumu, hazihitaji utando huo kwa kiwango kile. Isitoshe, fosforasi huharibu masega ya kwenye ekzosi, yale yanayosafisha moshi. Ndiyo maana tangu daraja la ubora la API liitwalo SM (herufi hizi huandikwa nyuma ya dumu), lililotoka mwaka 2004, oili nyepesi kama 5W-30 na 10W-30 zimewekewa kikomo cha fosforasi cha asilimia 0.08. Nzito kama 15W-40 na 20W-50 hazikubanwa na kikomo hicho. 504 yako haina masega ya kulindwa. Ina tapeti.

Sasa hiyo baridi. Namba iliyo kabla ya W inaeleza oili inavyokuwa injini ikiwashwa kwenye baridi, na 20W hupimwa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Najua sakitu ya Makete ya Juni na Julai inaunguza viazi shambani, lakini haifiki huko hata kidogo. Asubuhi washa, iache dakika moja au mbili, ondoka taratibu bila kuikanyagia mafuta. Kinachotesa injini hizi kwetu ni joto. Siku utakayotoka Ruaha Mbuyuni na mzigo ukaanza kuupanda mlima wa Kitonga kurudi Iringa, utaelewa kwa nini nataka ile 50 ya mwisho kwenye 20W-50, inayoeleza uzito wa oili injini ikiwa moto.

Mimi naweka 20W-50 ya kawaida, isiyo sinthetiki, yenye SJ au SL nyuma ya dumu. Inaingia lita 4. Ukiikosa, chukua 15W-40 ya dizeli yenye CI-4 ambayo pia imeandikwa SL. Maduka ya barabara ya Tunduma yamejaa kwa ajili ya malori. Nimewahi kuitumia misimu miwili na geji ya presha ya oili haikutetereka. Usidanganyike kwamba gari la zamani linataka daraja la zamani kabisa: SA haina kinga yoyote ndani yake. Na oili ya kupima kutoka kwenye pipa, hapana, hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni kwamba gari limekaa. Kabla ya oili, fungua kifuniko cha valvu. Ukikuta utando mweupe kama maziwa, maji yanaingia kwenye oili. Injini hii silinda zake ni za kuchomekwa, zimezungukwa na maji, kwa hiyo ni gasketi ya hedi au sili za chini za silinda, na hakuna oili itakayotibu hilo. Ukikuta tope jeusi, usimwage oili mpya juu yake ukategemea itasafisha yenyewe. Itasafisha kweli, halafu tope litashuka na kuziba chujio la sampo (bakuli la oili chini ya injini), na metali, zile beringi za krenki, zitakauka. Shusha sampo, osha chujio kwa petroli, funga na filta mpya, kisha oili ya kwanza uitoe baada ya kilomita 1,000. Baada ya hapo mimi hubadilisha kila 5,000 au miezi sita, kipi kitangulie.

Halafu gia boksi: ya 504 hutumia oili ya injini. Mafundi wengi huweka namba 90, oili nzito ya gia, kwa mazoea, gia zikawa nzito asubuhi wakalaumu klachi. Angalia na hiyo.

Piga picha ya ndani ya kifuniko cha valvu uitume kabla hujanunua hata lita moja.