Protini kwenye neva za ngozi: je, ndiyo Parkinson?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba ana miaka 68, anaishi na kaka yangu Marekani. Mkono wake wa kulia unatetemeka na mwendo umekuwa mzito. Wamemkata vipande vitatu vidogo vya ngozi, wakasema neva zina protini isiyo ya kawaida. Ngozi inahusianaje na Parkinson? Na je, aache nyama na maharage?

JIBU: Marahaba. Chakula kwanza, maana hapo ndipo mzee anaweza kudhurika upesi: asiache. Protini iliyoonekana, alfa-sinukleini, hutengenezwa na seli za neva zenyewe, haitoki kwenye sahani. Akianzishiwa levodopa, dawa kuu ya Parkinson, ndipo muda wa kula unapohusika, kwa kuwa protini ya chakula hushindana na dawa hiyo kupenya utumbo. Wengi huimeza nusu saa kabla ya mlo.

Sasa ngozi. Katika Parkinson, alfa-sinukleini hujikunja vibaya ikagandamana. Daktari Friedrich Lewy alieleza mabonge hayo ya ubongoni mwaka 1912, na mwaka 1997 ikabainika kuwa yamejaa protini hii. Lakini hayakai ubongoni tu. Nyuzi nyembamba za neva zinazoendesha tezi za jasho, mishipa midogo ya damu na misuli inayosimamisha vinyweleo nazo huyapata. Ndiyo maana vipande vya milimita 3 kutoka shingoni, pajani na mguuni, kwa sindano ya ganzi tu, huweza kuyaonyesha.

Hapa naomba msome polepole. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2024, protini hiyo ilionekana kwa asilimia 92.7 ya wagonjwa wa Parkinson na asilimia 3.3 ya watu wasio na ugonjwa. Ila ilionekana pia kwa zaidi ya asilimia 95 ya wenye magonjwa mawili yaliyo ukoo mmoja na Parkinson: moja huvuruga mapema presha na mkojo, jingine huleta usahaulifu na kuona vitu visivyokuwepo. Kipimo kimetaja ukoo wa ugonjwa tu. Jina hutajwa na daktari anayemkagua mzee: wepesi wa vidole, ukakamavu wa viungo, na jinsi levodopa inavyomsaidia.

Kwa hiyo kaka yako amweleze daktari huyo kama mzee hupata kizunguzungu akisimama, hushindwa kuzuia mkojo, hupiga mateke usingizini, au huongea na watu wasioonekana, na kila jambo lilianza lini.