Ukuta mnene si kinga ya mlipuko

SWALI: Shikamoo mhandisi. Naishi Dar es Salaam, jirani na ghala la mitungi ya gesi. Fundi amenishauri niongeze ukuta wa tofali upande wa ghala na kuupiga plasta nene, ili hata likilipuka tuwe salama. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Si kweli, na ushauri huu nakutana nao kila mara. Inaniuma kuona watu wanatozwa fedha kwa ajili yake.

Ukuta wa tofali umejengwa kubeba uzito unaotoka juu. Mlipuko unausukuma ubavuni, na wimbi lake la hewa linapougonga uso kwa uso, shinikizo lake huongezeka mara mbili na zaidi. Ukuta unapinda, upande wa ndani unavutika, na viungio vya saruji havina nguvu ya kuhimili kuvutwa. Shinikizo la kilopaskali 20 hivi, sawa na tani mbili kwa kila mita ya mraba, linatosha kuubomoa ukuta usio na nondo. Kioo cha kawaida huvunjika mapema zaidi. Plasta haibadilishi chochote hapo, ila inaongeza vipande vya kurushwa chumbani wanamolala watoto.

Nairobi, bomu lilipolipuka tarehe 7 Agosti 1998, fremu ya zege ya ubalozi wa Marekani ilibaki imesimama. Wengi wa waliodhurika humo ndani walipigwa na vioo, kuta za ndani za tofali na samani. Jengo la Ufundi, lililokuwa kando yake, liliporomoka lote.

Na hapo ndipo ninapowaogopa zaidi mafundi wa njia za mkato, hasa kwenye maghorofa. Ringi za nguzo, yaani vyuma vinavyozungushwa kushika nondo zilizosimama, wanaziweka kwa kuachana sana ili kuokoa nondo, kisha wanaficha kazi kwa plasta nzuri. Nguzo ya namna hiyo ikipigwa hukatika ghafla bila kupinda. Boriti iliyokaa juu yake inabaki na urefu maradufu usio na tegemeo, na mzigo unahamia nguzo za jirani, ambazo nazo ni dhaifu vilevile. Jengo linaanguka sehemu moja baada ya nyingine, hata mbali na pale mlipuko ulipotokea.

Kinga ya kwanza ni umbali, maana shinikizo hushuka haraka kadiri unavyosogea. Kabla ya kununua tofali hata moja, nenda EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na Zimamoto uulize kama ghala hilo lina kibali cha kuwa hapo. Vitanda viondoe kwenye madirisha yanayolitazama ghala.