Mbona elektroni ya 19 imeruka ganda?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Tumefundishwa kwamba ganda la kwanza la atomi hubeba elektroni 2, la pili 8 na la tatu 18. Kwenye jaribio nikachora potasiamu, yenye elektroni 19, kuwa 2, 8, 9. Nikakosa. Jibu lilikuwa 2, 8, 8, 1. Nilipouliza sababu nikaambiwa nikariri tu. Kama ganda la tatu bado lina nafasi, kwa nini elektroni ya mwisho iende la nne?
Mwanafunzi wa sekondari

JIBU: Marahaba mwanangu. Nilikosa swali hilihili nilipokuwa na umri wako. Daftari ninalo hadi leo, 2, 8, 9 yangu imekatwa kwa wino mwekundu, na pembeni hakuna neno hata moja la maelezo. Kwa hiyo swali lako nalichukua kwa uzito wote.

Weka michoro kando kwanza, tutazame vipimo. Kung'oa elektroni ya kwanza kutoka atomi za potasiamu zilizo katika hali ya gesi kunahitaji kilojuli 419 kwa kila moli, yaani kwa fungu moja maalumu lenye idadi kubwa mno ya atomi. Ya pili inahitaji 3,052. Ya tatu, 4,420. Umeona? Kutoka ya kwanza hadi ya pili gharama imepanda zaidi ya mara saba, lakini kutoka ya pili hadi ya tatu haikufika hata mara moja na nusu. Zingekuwa elektroni tisa zilizoshikwa sawasawa, mruko mkubwa hivyo usingetokea mapema namna hiyo. Iko moja imejitenga, imeshikwa kwa ulegevu. Ndiyo hiyo inayoachiliwa upesi kipande cha potasiamu kikiangukia maji, kikakimbia juu yake huku kikiwaka mwali wa zambarau.

Sasa sababu. Ganda si chumba kimoja. Ndani yake mna maganda madogo: s hubeba elektroni 2, p hubeba 6, d hubeba 10. Jumlisha upate 18 za ganda la tatu. Hesabu uliyofundishwa ni ya kweli. Ila agoni, elementi inayotangulia potasiamu, yenye elektroni 18, imekwisha kujaza s na p za ganda hilo. Elektroni ya 19 inakuta milango miwili: d ya ganda la tatu, tunayoiandika 3d, na s ya ganda la nne, yaani 4s. Huingia penye nishati ndogo zaidi, na katika potasiamu hapo ni 4s.

Inawezekanaje, na ganda la nne liko mbali zaidi? Hapa ndipo ile duara tunayochora, aliyotuachia mwanafizikia Bohr mwaka 1913, inapotupotosha. Tangu mwanafizikia Schrödinger mwaka 1926, elektroni tunaieleza kama wingu, si sayari. Wingu la 4s kwa sehemu kubwa liko nje, lakini sehemu yake hupenya hadi jirani kabisa na kiini, ndani ya kinga ya elektroni nyingine, na huko huonja mvuto wa protoni 19, zile chembe za kiini zenye chaji chanya. Wingu la 3d halipenyi hivyo. Elektroni 18 zinalikinga na kiini. Soma aya hii mara mbili, ndiyo yenye jibu lako.

Kalsiamu inafuata: 2, 8, 8, 2. Kisha skandiamu, elementi ya 21: 2, 8, 9, 2. Ile 9 yako ndiyo hii, ilitangulia elementi mbili tu! Kuanzia hapo 3d inajazwa hadi zinki, 2, 8, 18, 2.

Jihadhari na chuma, wengi huangukia hapo. Atomi yake ni 2, 8, 14, 2, lakini ikipoteza elektroni mbili inabaki 2, 8, 14. Zinaondoka za 4s, kwa kuwa protoni zilipoongezeka zilikwisha kuivuta 3d ndani zaidi.

Nakupa kazi. Nishati za kung'oa elektroni tatu za mwanzo za magnesiamu ni kilojuli 738, 1,451 na 7,733 kwa moli. Zitazame kwanza, ndipo uchore maganda yake, kisha uniandikie mruko umeuona wapi.