Mayai ya dagaa si tatizo: jibu kwa mdau aliyeuliza kuhusu samaki, watu na chakula

Mkuu, umeuliza kama dagaa anataga mayai mengi hivyo, mbona Ziwa Tanganyika halijafurika dagaa. Ukaongeza: watu tunavyozaana, chakula kitatosha? Mimi ni mchuuzi wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, na shemeji zangu wanalima Kasulu, kwa hiyo najibu kwa ninayoyaona.

Kiumbe yeyote akiachiwa atajaza dunia. Kinachomzuia ni kile kitu kimoja anachokihitaji ambacho ni haba kuliko vingine. Hivyo vingine hata vikimwagika, havimsaidii.

Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 hivi, lakini huku kaskazini ukishuka kama mita 100 tu, oksijeni imekwisha. Chini ya hapo samaki haishi. Na huko ndiko rutuba ilikolala, maana kinachokufa juu kinazama nayo. Juu kuna mwanga, rutuba hakuna. Chini kuna rutuba, mwanga hakuna. Mimea midogo ya majini inataka vyote viwili. Vijidudu vya majini vinakula mimea hiyo, dagaa anakula vijidudu, mgebuka, samaki mkubwa zaidi, anakula dagaa, na sisi tunawasubiri wote mwaloni. Kinachoamsha rutuba ni upepo wa kusi, kuanzia Mei hadi Septemba hivi. Unasukuma maji ya juu kuja kaskazini, ya chini yanapanda upande wa Zambia. Upepo ukitulia, ziwa linayumba na sisi Kigoma tunapata mgao wetu wa rutuba. Maji ya juu yakizidi joto yanagoma kuchanganyika na ya chini, na watafiti walishaliandika hilo mwaka 2003. Kwa hiyo samaki wakipungua, wanaolaumu makokoro (nyavu za kukokota) peke yake wanasema nusu ya habari.

Angalia Ziwa Kivu. Katikati yake hakukuwa na samaki wa kula vijidudu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wakachukua lumbu, aina nyingine ya dagaa wa hapa kwetu, wakampandikiza kule, akashamiri mpaka leo wanamvua kibiashara. Lakini naye hakuongezeka bila mwisho: vijidudu vikubwa alivimaliza, akabaki na idadi ambayo vilivyosalia vinaweza kuilisha.

Shambani ni hivyo hivyo. Shemeji alimwaga urea, mbolea ya naitrojeni, kwenye mahindi, yakabaki yamedumaa. Bwana shamba alipofika aligeuza jani tu: kingo zake zilikuwa na rangi ya zambarau. Hiyo ni njaa ya fosforasi. (Ikikosekana naitrojeni, jani linaanza unjano kwenye ncha na kurudi katikati.) Msimu uliofuata akapandia DAP, mbolea yenye fosforasi, urea akaja kukuzia baadaye, na mahindi yakaitika. Urea ilikuwa nzuri tangu mwanzo, ila haikuwa ndiyo iliyokosekana.

Sasa kuhusu watu. Mwaka 1798 Malthus, mchumi wa Uingereza, alisema watu wataongezeka haraka kuliko chakula. Wakati ule dunia ilikuwa na watu kama bilioni moja. Mwaka 2022 tumefika bilioni nane. Wengi wanamcheka, mimi simcheki. Kilichotokea ni kwamba kizuizi kikubwa, uhaba wa naitrojeni, kilivunjwa: Haber, mkemia Mjerumani, alionyesha mwaka 1909 jinsi ya kuitoa hewani, na kiwanda kikaanza 1913. Karibu nusu ya watu waliopo leo wanakula kutokana na mbolea ya namna hiyo. Ila inatengenezwa zaidi kwa gesi asilia, na gesi ikipanda bei, mkulima wa Kasulu anaisikia dukani. Fosforasi ndiyo haitoki hewani kabisa. Inachimbwa kwenye miamba, kama ile ya Minjingu mkoani Manyara, na sehemu kubwa ya akiba ya dunia iko Moroko. Kwa hiyo kizuizi kimehama tu, na kesho kinaweza kuwa maji.

Kuna mwingine aliyeuliza kama kulifunga ziwa lisivuliwe, kama tulivyofungiwa tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kuna maana yoyote. Ipo. Dagaa maisha yake ni mafupi, mwaka mmoja na kidogo, kwa hiyo akipumzishwa anarudi upesi. Mgebuka anahitaji miaka. Kufunga hakuleti rutuba hata chembe, kunawaachia tu waliobaki nafasi ya kuzaa. Ile miezi mitatu ilitubana sana sisi wachuuzi, tena mikopo haikupumzika. Lakini wakiitisha kura leo, napiga ya kufunga, mradi watangaze mapema tujipange.