Weka programu yako wazi, ila weka na leseni

Mdogo wangu, umeuliza kama hiyo programu ya utafiti wako wa masta uiweke wazi au uifiche wasikuibie. Iweke, ila kwanza muulize supavaiza maana vyuo vingine vinadai haki ya kuimiliki. Na kuitupia GitHub (tovuti ya kuweka msimbo wa programu) bila leseni, yaani ruhusa ya maandishi ya jinsi wengine watakavyoitumia, haitoshi, kisheria inabaki yako peke yako na hakuna anayeruhusiwa kuitumia kwenye kazi yake, hapo wengi tunachemka (hata mimi), kwa hiyo weka leseni ya MIT kama hujali wataifanyia nini, au ya GPL kama unataka wakiibadilisha na kuisambaza nao waiache wazi. Halafu ipeleke Zenodo, ile hifadhi ya mtandaoni ya kazi za utafiti ya CERN (kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya), bure kabisa, unapewa DOI, yaani namba ya kudumu ya kuitambulisha kazi yako, yenye tarehe, sasa mwizi atasema nini? Na ukiandika makala ya utafiti huo, ile hela jarida wanayokudai ili makala isomwe bure usikimbilie kulipa, angalia kama wanaruhusu rasimu yako uiweke arXiv, tovuti ya bure ya rasimu za makala za utafiti.