Kabla hujanunua betri nyingine, pima kwanza

Mkuu, umesema Toyota IST yako uliifungia betri mpya, mwezi haujaisha asubuhi inagoma kuwaka, taa ya betri kwenye dashibodi haiwaki, na fundi keshakuambia ununue nyingine. Usitoe hela bado. Betri changa kiasi hicho ikilala, mara nyingi kuna kitu kinaiua. Tafuta multimita, hata ile ya bei ndogo, uiweke kwenye volti za DC.

Pima betri asubuhi kabla hujagusa swichi. Betri iliyojaa inasoma 12.6 au zaidi kidogo. 12.2 chaji imebaki kama nusu, 12.0 iko hoi. Ikiwa imejaa, mtu apige stata huku unaangalia mita. Ikishuka chini ya 9.6, betri imechoka kweli.

Gari likiwaka pima tena palepale kwenye betri. Unatafuta kati ya 13.8 na 14.5, na ukiwasha taa kubwa na feni isianguke sana. Ikibaki kwenye 12 na inazidi kushuka, haichaji: angalia mkanda wa altaneta (mashine inayochaji betri), kisha kaboni zake. Ikipita 15, regyuleta, kidhibiti cha volti za altaneta, imekufa na betri inapikwa, utasikia hata harufu ya mayai viza.

Sasa kuna hali ya katikati, ambayo wengi hupigwa hela. Probox yangu ilisoma 13.1 kwenye betri na fundi akataka tubadilishe altaneta. Nikaweka waya mwekundu wa mita kwenye nati kubwa nyuma ya altaneta, mweusi kwenye bodi yake: 14.3. Kwa hiyo altaneta inazalisha, umeme unapotelea njiani, ndiyo maana na taa ya betri haikuwaka. Injini ikiwa inaunguruma na taa zimewashwa, nikapima kutoka ile nati hadi chanya ya betri: 0.1, safi. Kutoka hasi ya betri hadi bodi ya altaneta: 1.1. Hapo haitakiwi kuzidi 0.2. Ethi, ule waya wa hasi kati ya betri na injini!

Kwa nje ule waya wa ethi ulikuwa umekaza vizuri kabisa. Nilipoufungua pale unapobana kwenye injini, chini ya kichwa chake kulikuwa na kutu na unga wa kijani. Msasa, nikakaza, nikapaka grisi juu. Betri ikasoma 14.2 na altaneta ni ileile hadi leo.

Kama kwako chaji iko sawa lakini usiku inakwisha, kuna kinachonyonya. Zima kila kitu, toa tamino (kichwa cha waya) ya hasi, weka mita kwenye ampea 10 kati ya tamino na betri, funga milango, subiri kama nusu saa. Isizidi ampea 0.05. Ikizidi, chomoa fyuzi moja moja mpaka ishuke. Anza kushuku alamu, redio na treka zilizofungwa baadaye. Fyuzi zote zikiisha bila mabadiliko, huenda dayodi za altaneta (vipande vinavyozuia umeme kurudi nyuma) zinavujisha. Usipige stata mita ikiwa hapo, utaiunguza.

Na fundi akitaka kuchomoa tamino gari likiwa linawaka ili "kupima altaneta", mkatalie. Umeme unaruka ghafla, na kontroli boksi (kompyuta) ya gari hizi inaweza kufa palepale.

Lete namba zako: ya asubuhi, ya injini ikiunguruma na ya ethi. Tutajua pa kushika.